Makaratasi ya Marehemu

Ukitaka kujua ni nani katika ukoo anayehesabiwa kuwa amesoma, ngoja mtu afe. Wazee watajitenga kivulini kupanga siku ya mazishi. Kina mama watashika masufuria. Vijana wenye mabega watatafuta hema na viti vya kukodi. Halafu jicho la mzee mmoja litamwangukia yule aliyemaliza shule ya sekondari, awe na kazi au awe anahesabu matatu barabarani. "Wewe uliyesoma, hebu shika hizi karatasi." Basi umeajiriwa! Ajira yenyewe haina mshahara wala haijulikani itakwisha lini. Wengine huimaliza kwa mwezi mmoja, wengine huota nayo mvi.

Bahasha hiyo ya kaki niliwahi kuishika mimi, baba alipotutoka. Sikusudii kuwasimulia msiba wetu, maana hakuna mtaa usiokuwa na wake. Ninachotaka kuwaeleza ni jambo nililolitambua baadaye, nilipoanza kusoma historia kwa ajili ya riwaya ninayoiandika usiku. Kila karatasi iliyomo katika bahasha ile ina historia yake, na mara nyingi historia hiyo ni ya ugomvi: nani anahesabiwa, nani ana haki ya kumzika nani, nani abaki katika nyumba ya marehemu na nani atolewe nje na sufuria zake. Anayeijua historia hiyo hadanganywi kwa urahisi. Na hapa mjini, jamani, wanaongoja kumdanganya mfiwa ni wengi.

Nitasema habari za Kenya, kwa kuwa ndiko ninakoishi na ndiko nilikozungushwa.

Kuandikwa kwamba umekufa

Tuanze mwanzo. Mtu akifia hospitalini, taarifa ya kifo hujazwa hukohuko. Akifia nyumbani, taarifa hiyo huandikwa na naibu wa chifu wa eneo lile. Akifa ghafla, kwa ajali, kwa kuuawa au kwa njia isiyoeleweka, msimwoshe wala msimsogeze. Polisi waitwe kwanza, na huenda mwili ukapasuliwa na daktari ili sababu ijulikane. Taarifa ikishaandikwa ndipo hutolewa kibali cha mazishi, na bila kibali hicho makaburi ya mji hayatampokea mtu wenu. Cheti cha kifo chenyewe huja baadaye kutoka kwa msajili. Siku hizi maombi yake hupitia kwenye mtandao wa serikali, eCitizen, na asiyekuwa na kompyuta humlipa kijana wa saiba amsaidie.

Kuna mambo mawili madogo ambayo hakuna mzee atakayekukumbusha. La kwanza: kitambulisho cha marehemu hurudishwa serikalini wakati kifo kinapoandikishwa. Kabla hakijaondoka mkononi mwako kitolee nakala, tano au sita, kwani benki itaitaka, mahakama itaitaka, na ofisi ya ardhi itaitaka. La pili: soma jina herufi kwa herufi ukiwa bado umesimama mbele ya karani. Kitambulisho kikisema Juma na cheti kikasema Jumaa, wenye ofisi watakuambia hao ni watu wawili, mmoja amekufa na mwingine labda yuko sokoni. Mimi katika ofisi moja nilirudishwa mara nne kwa sababu ya herufi moja tu. Aliyeikosea ni mwandishi wao, lakini nauli ya matatu ilitoka mfukoni mwangu.

Sasa geuza cheti hicho utazame mgongo wake, upande ambao haukuandikwa kitu. Katika nchi hii sheria ya kuandikisha vizazi na vifo ilianza mwaka 1904, wakati wa utawala wa Waingereza. Ilianza kwa nani? Kwa wazungu. Wahindi wakafuata. Mwafrika alizaliwa akafa bila kuingia katika kitabu chochote cha msajili, na hali ikawa hivyo kwa miaka mingi. Uandikishaji wa vifo na vizazi vya watu wote ulianza kupelekwa wilaya kwa wilaya kuanzia mwaka 1963, na ukaienea nchi nzima mwaka 1971. Kwa hiyo babu yako aliyekufa mwaka 1950, ukikitafuta cheti chake, huenda unatafuta kitu ambacho hakikuwahi kuwako.

Usidhani lakini kwamba serikali ile ilikuwa haijui kuandika majina ya Waafrika. La hasha! Mwaka 1915 ilipitishwa sheria ya kipande, nayo ikaanza kutekelezwa vita vikuu vya kwanza vilipomalizika. Kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alichukuliwa alama za vidole, akapewa karatasi inayoonyesha jina lake, tajiri wake na mshahara wake, akaitembeza imening'inia shingoni ndani ya kijikopo cha bati. Alipotoroka kazini alitafutwa kwa kipande hicho hadi akapatikana. Alipokufa hakuna aliyelazimika kuandika chochote. Mikono ilihesabiwa, makaburi hayakuhesabiwa.

Tena tazama Kariokor. Tunashuka pale kula nyama choma na kununua vyondo, na jina tunalitamka kama la kawaida tu. Lakini jina hilo ni Carrier Corps, kikosi cha wachukuzi, lililopita katika vinywa vyetu likalainika. Katika vita vya 1914 hadi 1918 Waingereza waliwakusanya wanaume wa Afrika Mashariki kwa mamia ya maelfu wabebe mizigo ya jeshi kuwafuata Wajerumani huko Tanganyika. Walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa kuhara, malaria na njaa wala si kwa risasi. Mishahara ya wengi waliokufa haikuwafikia jamaa zao. Sababu iliyotolewa? Kwamba wenyewe hawapatikani, majina hayaeleweki, vijiji havijulikani. Katika barabara ya Kenyatta imesimama sanamu ya ukumbusho yenye watu watatu, na mmoja wao ni mchukuzi. Maandishi yake yapo kwa Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza. Majina ya waliokufa hayapo.

Ndiyo maana nasema, ndugu yangu, ukiwa umepanga foleni ya cheti cha kifo na jua linakuchoma utosini, tukana foleni ukipenda, lakini karatasi usiidharau. Kuna mjane wa mwaka 1918 ambaye angeipata karatasi kama hiyo, watoto wake wangekula.

Mwili ni wa nani?

Baada ya taarifa huja swali zito kuliko yote, nalo haliulizwi na ofisi. Huulizwa na jamaa, tena kwa sauti ya chini: azikwe wapi, na nani aseme?

Kwa Waislamu swali hilo mara nyingi hukatwa na wakati. Maiti huoshwa, huvikwa sanda, huswaliwa na kuzikwa upesi, aghalabu siku ileile, palepale mji ulipo. Ugomvi ukitokea, hutokea juu ya kaburi lililokwisha kufukiwa. Lakini kwa sisi wengine wa bara, tuliokuja mjini na bado tuna "nyumbani" kwingine, maiti inaweza kungoja wiki mbili mochari huku vikao vikiendelea. Na hapo ndipo jina la S. M. Otieno linapotajwa hadi leo.

Silvano Melea Otieno alikuwa wakili mashuhuri wa Nairobi, Mjaluo wa Nyalgunga huko Siaya, mtu aliyempenda Shakespeare na maisha ya mjini. Mkewe, Wambui, alikuwa Mkikuyu wa ukoo wa Waiyaki, mwanamke aliyeshiriki katika harakati za kupigania uhuru. Walioana mwaka 1963. Tarehe 20 Desemba 1986 Otieno akafariki ghafla. Mjane akataka amzike katika shamba lao la Upper Matasia, karibu na Ngong. Ndugu wa marehemu pamoja na ukoo wa Umira Kager wakasema hapana, Mjaluo huzikwa kwao. Sauti ya Kenya ikatangaza mazishi mawili ya mtu mmoja katika sehemu mbili! Wasikilizaji wakabaki midomo wazi.

Kesi ikaanza. Nje ya mahakama watu walijaa hadi barabarani, na magazeti yalinunuliwa yakaisha kabla ya saa nne. Ndani, mashahidi walipanda kizimbani mmoja baada ya mwingine. Mchimba makaburi alieleza yale aliyodai kuambiwa na Otieno mwenyewe kuhusu mahali angependa kulazwa. Profesa Odera Oruka, mwalimu wa falsafa, alihojiwa kuhusu mila za Wajaluo. Wakili wa mjane, John Khaminwa, alishikilia kwamba Otieno alikuwa mtu wa kisasa, aliyeoa kwa sheria ya serikali, na kwamba mkewe ndiye wa karibu naye kuliko ukoo. Wakili wa ukoo, Richard Kwach, alishikilia kwamba mtu hauvui Ujaluo wake kama koti.

Hoja iliyonikaa zaidi mimi kama mtu wa maneno ni ile ya nyumba na nyumbani. Upande wa ukoo ulisema kwamba jengo ambalo Otieno aliishi Nairobi lilikuwa nyumba tu; halikuwa nyumbani, kwa kuwa halikuanzishwa kwa kufuata mila. Fikiria jambo hilo. Mtu amelipa mkopo, amelea watoto, amepanda miti uani, na bado anaambiwa hapa ulikuwa umelala tu. Ni wangapi kati yetu tuliozaliwa Jericho au Makongeni, na kila tukiulizwa kwetu ni wapi tunataja mahali ambapo hatujui hata kisima kiko upande gani?

Tarehe 13 Februari 1987 Jaji Bosire wa Mahakama Kuu akaamua upande wa ukoo. Mjane akakata rufani. Tarehe 15 Mei Mahakama ya Rufani ikaukubali uamuzi ule. Tarehe 23 Mei Otieno akazikwa Nyalgunga, na Wambui hakuhudhuria. Kuanzia kufa hadi kuzikwa zilipita siku 154.

Watu husimulia kesi hii kama vita vya makabila mawili, au vya wanaume na wanawake, na vyote hivyo vilikuwamo. Lakini kuna jambo dogo ambalo wasimulizi hulirukia. Otieno alikuwa wakili. Maisha yake yote aliwatetea watu kwa karatasi. Na yeye mwenyewe hakuacha wosia. Sheria ilipomtafuta ajisemee, haikupata hata mstari mmoja wenye sahihi yake, ikabidi wengine wamsemee: mke, kaka, mchimba kaburi na mwanafalsafa.

Tangu hapo mambo yamesogea. Mwaka 2004 Mahakama Kuu ilisema katika kesi nyingine kwamba wa kwanza katika wajibu wa kumzika mtu ni yule aliye karibu naye zaidi kisheria, na kwa kawaida huyo ni mwenzake wa ndoa. Katiba ya mwaka 2010 nayo ikaweka wazi kwamba mume na mke wana haki sawa katika ndoa, hata wakati wa kuvunjika kwake, na kwamba mila inayopingana na Katiba haina nguvu. Hii haina maana kwamba ukoo umenyamaza. Kesi za maiti bado zafika mahakamani, na majaji huangalia kila kisa chenyewe: marehemu alitaka nini, aliishi na nani, nani alimtunza. Kwa hiyo ushauri wangu kwa anayeshika bahasha ni huu. Usikimbilie kutoa tangazo kabla mjane au mgane, watoto wakubwa na wazee hawajaketi pamoja. Mkutano mmoja mgumu sebuleni ni nafuu kuliko miezi mitano mochari. Wahenga walisema heri nusu shari kuliko shari kamili.

Gharama, sanduku na moto

Maiti ikilala mochari, kila usiku una bei yake. Uliza bei hiyo siku ya kwanza, uiandike. Kamati ya mazishi ichague mweka hazina mmoja, na michango yote, iwe ya mkononi au ya M-Pesa, iingie katika daftari moja lenye jina na kiasi. Kifo cha wengi ni harusi, walisema, lakini harambee isiyokuwa na daftari huzaa msiba wa pili.

Deni la hospitali ndilo huwavunja wengi moyo. Hospitali nyingine hukataa kuitoa maiti mpaka shilingi ya mwisho ilipwe. Mwaka 1998 Mahakama Kuu huko Mombasa ilitamka kwamba maiti si mali, na haiwezi kushikwa kama rehani ya deni. Anayedai na adai kwa njia zinazojulikana. Hukumu ipo, lakini haiji mlangoni kukutetea. Lazima uende nayo wewe, uzungumze kwa adabu, uahidi kulipa kwa maandishi, na ikibidi umtafute wakili. Familia nyingi hulia nje ya lango kwa sababu hakuna aliyewaambia kwamba neno hilo liliwahi kusemwa.

Kuhusu sanduku na mazishi yenyewe, zamani ilionekana kwamba njia ni moja tu, na anayetaka nyingine amepagawa. Askofu Mkuu Manasses Kuria wa Kanisa la Anglikana alipochomwa moto mwaka 2005, kama mkewe alivyochomwa kabla yake, waumini wengi walishtuka. Kwa Wahindu jambo hilo halikuwa geni hata kidogo. Tanuri lao la Kariokor lilikuwapo siku nyingi. Kisha mwaka 2011 akafariki Profesa Wangari Maathai, aliyekuwa amepata tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004. Maisha yake yote alipanda miti, na hakutaka mti ukatwe ili azikiwe ndani yake. Jeneza lake likatengenezwa kwa magugu maji, mafunjo na mianzi, na mwili wake ukachomwa Kariokor. Naam, palepale penye jina la wachukuzi waliokufa bila kuandikwa. Yeye alisema alichokitaka mapema, na wenyewe wakakifanya. Tofauti na Otieno ni hiyo.

Mali, na wale wanaokuja usiku

Mazishi yakiisha, hema hukunjwa, na wageni hurudi mjini kwa basi. Hapo ndipo wengine huanza kurudi mmojammoja. Huyu anataka redio, yule anataka pikipiki, wa tatu ameshika namba ya siri ya simu ya marehemu na anasema atatoa pesa kidogo tu za matumizi. Jihadhari! Sheria ya Urithi ya Kenya, kifungu cha 45, inakataza mtu yeyote kugusa mali ya marehemu kabla ya kupewa mamlaka na mahakama. Anayevunja anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 10,000, au kufungwa hadi mwaka mmoja, au vyote viwili. Kugharimia mazishi kwa mali ya marehemu ni jambo moja. Kumhamishia mjomba pikipiki ni jambo lingine. M-Pesa ilianza mwaka 2007, na watu wengi bado hawajui kwamba pesa zilizo ndani ya simu nazo ni urithi.

Njia iliyonyooka ni hii. Nenda kwa chifu akupe barua inayotaja waliobaki: mjane au wajane, na watoto wote, wa kiume na wa kike, wa ndani na wa nje. Kwa barua hiyo na cheti cha kifo, ombi hupelekwa mahakamani ili mtu au watu wateuliwe kuwa wasimamizi wa mirathi. Ombi hutangazwa katika gazeti rasmi la serikali, na anayepinga hupewa siku 30. Baada ya kuteuliwa, kwa kawaida hungojwa miezi sita kabla mahakama haijathibitisha mgawanyo, na kabla ya kuthibitishwa hakuna ruhusa ya kuuza shamba wala ploti. Miezi sita ni mingi ukiwa na njaa, nakubali. Lakini imewekwa ili yule mtoto aliyesahauliwa Kisumu au Lamu apate nafasi ya kubisha hodi.

Barua ya chifu ina historia ya kuchekesha, kama si ya kuliza. Chifu wa namna hii aliletwa na serikali ya Waingereza. Sheria ya mwaka 1902 ndiyo iliyoanza kuteua wakuu wa vijiji ili kodi ya vibanda ikusanywe na barabara zifagiliwe. Yule aliyehesabu vibanda vya babu zetu ili awatoze, leo wenzake wa baadaye ndio wanaohesabu watoto wetu ili wasinyimwe. Soma barua hiyo kabla ya kuondoka ofisini kwake. Jina la dada likikosekana, huko mbele kulirudisha ni kazi ya jasho.

Na sheria yenyewe? Mpaka miaka ya sitini urithi katika Kenya ulitegemea wewe ni nani. Mzungu alikuwa na sheria iliyotoka India, Mhindu yake, Mwislamu yake, na Mwafrika aliachiwa mila za kabila lake, kila kabila na yake. Mwaka 1967 iliundwa tume ya kuzitazama sheria hizo chini ya Humphrey Slade, aliyekuwa Spika wa Bunge. Sheria mpya ilipitishwa mwaka 1972. Je, ilianza kutumika mwaka huo? Wapi! Ilikaa kabatini hadi tarehe 1 Julai 1981. Miaka tisa! Waislamu waliipinga kwa kuwa Qurani imekwisha kugawa mafungu ya urithi, na mwaka 1990 sheria ikarekebishwa ili mali ya Mwislamu igawanywe kwa sheria ya Kiislamu, na mbele ya Kadhi wakikubaliana hivyo. Kadhi alikuwapo pwani kabla ya Waingereza. Utawala wake ulilindwa hata katika makubaliano ya uhuru ya mwaka 1963.

Sheria ile ya 1981 haikusema mvulana apewe zaidi ya msichana. Ilisema watoto. Lakini mila ilizijua njia za mkato. Kulikuwa na kesi ya familia moja ya Bonde la Ufa, familia ya Rono, ambapo Mahakama Kuu iliwapa wavulana ekari 30 kila mmoja na wasichana ekari 5 kila mmoja, kwa hoja kwamba wasichana wataolewa. Mwaka 2005 Mahakama ya Rufani iliutupa mgawanyo huo, ikasema watoto ni watoto.  Mabinti hao wakashinda.

Nimeitaja kesi hiyo mara nyingi katika vibanda vya chai, na kila mara kuna mwenzangu wa kiume anayeguna. Namwuliza: ni nani aliyekuwa akimbadilishia mzee shuka alipokuwa hajiwezi? Hapo chai hunywewa kimyakimya.

Kwa wanaoandika

Nimalize na ninyi mnaotaka kuwa waandishi kama mimi. Tunahangaika kutafuta visa, tunaiga sinema, tunaua watu ovyo katika hadithi zetu na kuwazika kwa sentensi moja: "Akazikwa, watu wakalia." Kumbe hapo ndipo riwaya ilipoanza! Nani aliandika jina? Nani alilipa mochari? Mwanamke gani mwenye mtoto mgongoni alitokea siku ya pili, akasimama mbali chini ya mparachichi? Ukiweza kupata ruhusa, kaa siku moja katika korido ya mahakama panapotajwa kesi za urithi. Utaona ndugu waliokula sahani moja wakikaa benchi mbili.

Lakini kabla ya kuandika riwaya, kuna maandishi mafupi zaidi yenye faida kubwa zaidi, nayo ni wosia. Hauhitaji mhuri wa dhahabu. Kwa sheria yetu, mtu mzima mwenye akili timamu anaandika matakwa yake, anatia sahihi, na mashahidi wawili wanashuhudia na kutia sahihi zao. Shahidi asiwe yule anayeachiwa kitu, maana anaweza kukipoteza. Hata wosia wa mdomo unakubalika ukitamkwa mbele ya mashahidi wawili au zaidi, ila nguvu zake huisha ikiwa aliyeutamka ameishi zaidi ya miezi mitatu baada yake. Mahali pa kuzikwa pia paandikwe. Mahakama hailazimiki kupafuata kwa kila hali, lakini itapasoma, na ukoo utapasoma.

Kisha ziko karatasi za kuuliza mapema. Hati miliki ya ploti iko wapi, na ina jina la nani? Katika malipo ya uzeeni ya kazini ameandikwa nani apewe akifa? Wengi waliandika jina la kaka yao walipoajiriwa wakiwa makapera, wakaoa, wakazaa, na hawakuibadilisha fomu. Akaunti ni ngapi? Deni la chama ni kiasi gani? Nani anamdai, naye anamdai nani?

Najua unachofikiri. Utamwulizaje mzazi maswali hayo aliye hai na mwenye afya? Mwulize leo jioni, akiwa anakunywa chai. Atakukemea kwamba unamtabiria kifo. Ngoja amalize kukemea, umwongezee chai, halafu umwulize tena.